Kidole cha Tano

Mwaka jana bibi yangu aliagiza mikate, akaletewa na ndoo.

Kosa lilikuwa langu. Mimi ni fundi simu, kibanda changu kiko Langoni, mtaa wa mji wa Lamu, hatua chache kutoka Usita wa Mui, njia yetu kuu, na ni mimi niliyemfunza Bibi kubonyeza ile alama ya maikrofoni kwenye kibodi ili aseme na simu imwandikie. Bibi anasoma msahafu vizuri, na barua za Kiswahili kwa hati ya Kiarabu ameziandika tangu ujana wake. Herufi za Kizungu ndizo zinazomchosha. Google ilipoanza kuandika Kiswahili kwa kusikiliza sauti, mwaka 2017, nilisema moyoni kwamba dawa ya Bibi imepatikana, kisha nikakaa miaka kadhaa bila kumwekea, kama ilivyo ada ya mafundi na jamaa zao.

Nilipomwekea, ujumbe wake wa kwanza ulikwenda kwa kijana anayetuletea vitu kwa mkokoteni. Kijana ni mtu wa Nakuru, hana hata mwaka mmoja hapa Amu, yaani Lamu. Bibi akatamka, simu ikaandika bila kukosea hata herufi: "Ndoo na mikate mitano ya mofa."

Kwetu, ndoo ni njoo. Kijana alipita dukani akanunua ndoo ya plastiki ya lita 20, akaitia mikate ndani, akapanda ngazi zetu jasho likimchuruzika, akampa Bibi risiti. Bibi alilipa vyote viwili asimwambie neno, maana mgeni haaibishwi. Ndoo tunayo mpaka leo, inawekwa unga.

Tangu siku hiyo nikaanza kuitazama kibodi kwa jicho lingine. Ukiandika ndia, kwa maana ya njia, inakuwekea India. Ukiandika mato yangu yaniuma, yaani macho, inakupendekezea matokeo. Binamu yangu aliyeko Kisauni alipata habari kwamba Bibi ameanguka "India ya msikitini", akapiga simu akicheka na kulia. Kidogo kidogo nimeiongezea kamusi ya simu yake maneno yetu, moja moja. Kazi ya kushona mtumbwi kwa sindano ya kitambaa, lakini inakwenda.

Ndipo nilipojiwekea nadhiri. Ilikuwa mwezi wa Rajabu, kaskazi inavuma, kazi kibandani si nyingi. Kila programu ambayo mteja ataniomba nimwekee, nami nitaiweka kwenye simu yangu na kuitumia wiki nzima kama mtu aliyeihitaji. Kwa miaka mingi nimewawekea watu vitu nisivyovijua ladha yake, sawa na mpishi asiyeonja. Mpaka Shaabani inaisha nilikuwa nimeonja programu 23. Zilizobaki kwangu ni nne.

Nyingine sina haja ya kuzisimulia. Ile ya kuhesabu chakula ilikuwa na kila aina ya saladi ya Marekani na haikuwa na mkate wa mofa wala samaki wa kupaka. Nikaiambia nimekula "mkate, mchuzi" siku tano mfululizo, ikanipongeza. Ile ya kurembesha sura ilinipa ngozi ya mtoto mchanga na ndevu za babu yangu. Ya ramani ilinifurahisha kwa siku moja. Nyumba zetu ni za matumbawe na boriti za mikoko, kuta nene, ghorofa mbili au tatu, na vichochoro vingine punda wawili hawapishani. Mawimbi ya setilaiti yanagonga kuta, yanarudi, simu inapotea. Kile kidoti cha buluu kiliniweka ndani ya sebule ya jirani, kisha juu ya paa la msikiti, kisha baharini. UNESCO ilituweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001 kwa sababu ya vichochoro hivi hivi, kwa hiyo sioni vyema kulalamika. Hapa ukitaka kumwelekeza mgeni unamwambia, "Simama hapo penye ngome, namtuma mtoto aje akuchukue." Mtoto anafika kabla ya kidoti.

Kilichonishughulisha ni mlango wa simu yenyewe.

Mvuvi mmoja wa huku kwetu aliniletea simu mpya, mwanawe kamnunulia, inafunguka kwa alama ya kidole. Tukajaribu kidole gumba, haikuisoma. Cha shahada, haikuisoma. Tukajaribu vyote kumi. Mtu huyu amevuta mishipi na kamba tangu ana miaka tisa na ncha za vidole vyake zimelainika kama jiwe la mtoni. Simu ilimtazama ikaona hakuna mtu. Nikamwambia tutumie sura. Sura ikakubali, akaenda zake. Siku ya pili mkewe akaja, kisirisiri kidogo, anataka na yeye aweze kuifungua maana mume akiwa baharini simu hubaki nyumbani. Yeye huvaa ninja, uso umefunikwa. Hawezi kuvua barazani kila simu ikilia. Tukarudi kwenye vidole, naye alikuwa ametoka arusini, hina nyeusi mpaka kwenye pingili, imekauka ncha zote. Simu ikagoma. Tukasubiri hina ikwajuke.

Nilicheka, kisha nikakaa kulifikiria jambo hili kuliko nilivyotaraji. Waliotengeneza kitu hiki walimfikiria mtu mmoja. Ana simu yake, laini yake, uso wake uko wazi, kidole chake hakijafanya kazi ngumu, na hakuna mwingine anayehitaji kuishika. Ukitaka kufungua akaunti wanakutumia namba sita, wakiwa na hakika kwamba anayezipokea ndiye wewe. Huku kwetu namba za mama zinakwenda kwa laini ya mwanawe, mwanawe yuko Mokowe anashusha mizigo, anampigia dada yake, dada yake anamtuma mtoto, mtoto anakuja mbio kibandani kwangu akizirudia namba njiani ili asizisahau, na akifika muda umekwisha. Nimeyaona haya mara nyingi hata nikikuta namba zimefika kwa wakati nashtuka.

M-Pesa ilipoanza, Machi 2007, haikuwa hivi. Ilikaa ndani ya laini, ikafanya kazi kwenye simu za mulika mwizi, na baina yako na pesa alisimama wakala, mtu unayemjua kwao. Asiyejua kusoma alisomewa. Hasara zake zilikuwepo, kwa sababu namba ya siri ikijulikana na mjukuu si siri tena, na nimewahi kusuluhisha kesi za aina hiyo hapa hapa juu ya benchi langu. Lakini ilituachia nafasi ya kuwa wengi.

Za adhana ndizo zilizoleta mtafaruku mkubwa. Mama mmoja wa Mkomani ana simu tano nyumbani kwake, yake na za wanawe, na zote ziliwekwa programu ya vipindi vya sala na mafundi mbalimbali, mimi nikiwa mmoja wao. Alasiri ya kwanza iliadhiniwa jikoni. Ya pili sebuleni, dakika nne baadaye. Kisha msikitini. Kisha, karibu saa nzima baada ya watu kusali na kutawanyika, simu ya kijana wa mwisho ikaadhini alasiri tena, kwa sauti nzuri kweli. Mama akaja na simu zote ndani ya kikapu: "Fundi, nyumba yangu ina madhehebu mangapi?"

Swali lake lilikuwa sahihi kuliko alivyodhani. Simu ile ya mwisho ilikuwa imewekwa hesabu ya Kihanafi, ambayo alasiri huingia kivuli kikifika mara mbili ya kitu chenyewe. Sisi Mashafii twahesabu mara moja. Nyingine ilifuata kalenda ya Umm al-Qura ya Makka, ambayo isha ni dakika 90 baada ya magharibi. Huku karibu na mstari wa ikweta giza huingia upesi, na wanaohesabu kwa nyuzi za jua chini ya upeo wanasali isha mapema kuliko hapo. Hakuna iliyokuwa na hitilafu. Kila moja ilimjibu mtu aliyedhaniwa kuwa peke yake, na jamaa wamekaa chumba kimoja. Niliziweka zote sawa, nikazirudisha nyuma na mbele mpaka zikalingana na muadhini wa msikiti wao. Mwisho mama akazima nne, akabakisha ya jikoni, "maana huko msikiti hausikiki kwa blenda."

Hiyo ni mojawapo ya zile nne zilizobaki kwangu. Ya pili ni ya upepo.

Nahodha mmoja wa mashua za Siyu alinitaka nimwekee ya maji kujaa na kupwa. Nikaweka na kwangu, nikawa kila asubuhi nampigia kumsomea, najiona nimekuwa rubani. Kuna siku nikamwambia, "Leo maji yanajaa saa nne na dakika kumi." Akanyamaza. Akaniuliza mwezi ngapi. Nikaangalia, ni kumi na nne Rajabu.

"Saa nne ya wapi, mwanangu? Bamvua hujaa saa kumi. Saa nne maji ni makavu, nitawakalisha watu matopeni na akina mama wana watoto."

Programu ilikuwa imeandika 4:10. Mimi, baada ya kushinda kutwa na simu za Kiingereza, nilikuwa nimemsomea kama ilivyo, nikasahau kuitafsiri saa. Mlango wa Siyu ni mwembamba, mikoko pande zote, na maji yakikutoka humo hukai dakika kumi. Unakaa mpaka yarudi. Yeye hesabu yake aliipata kwa baba yake: mwezi mwandamo na mwezi mpevu ni bamvua, yaani maji makubwa, bamvua hujaa alfajiri na alasiri saa kumi, na kila siku inayofuata unasogeza karibu saa nzima kasoro kidogo. Hahitaji chaji. Ya maji akaifuta mbele yangu. Ya upepo akaibakisha, kwa sababu kusi ikigeuka ghafla huko nje baba yake hakuwa na hesabu yake, na sasa kila magharibi mabaharia wanajikusanya kwenye simu moja wakibishana na ile michirizi ya rangi. Akisema huyu itavuma, mwingine anasema uongo, tazama mawingu ya Manda. Simu imepata kiti barazani, ina kauli yake kama wengine, na ikikosea inachekwa.

Sasa nifike kwenye ile ambayo ningependa kuiruka.

Kulikuwa na programu ya mkopo. Mteja alinijia na kiungo alichotumiwa kwenye grupu, si kwenye Play Store, ni faili la kupakua kando. Nilimwonya kidogo, nikamwekea, na kwa sababu ya nadhiri nikajiwekea. Ikaniomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu. Mimi ambaye kila siku nawaambia watu wasikubali kila kitu, nilibonyeza kubali. Nikakopa shilingi 2,000, mkononi zikafika 1,600, muda siku saba.

Siku ya saba nilikuwa Faza, shughuli ya kifo, nikasahau. Siku ya kumi mjomba wangu akanipigia kuniuliza kama nina tatizo. Halafu mweka hazina wa msikiti. Halafu mteja aliyeniachia simu atengenezewe kioo, akaja kuichukua kabla haijatengenezwa, akasema ana haraka. Walipigiwa simu na mtu mwenye sauti ya adabu, akawaambia kwamba mimi ni mdaiwa sugu na wao ndio niliowaandika kuwa wadhamini wangu. Sikumwandika mtu. Walizisoma tu namba, wakachagua.

Kanuni za watoa mikopo ya kidijitali, za mwaka 2022, zinakataza kabisa kuwapigia simu watu waliomo kwenye simu ya mkopaji ili kumwaibisha, na Benki Kuu huchapisha orodha ya waliopewa leseni. Wale hawakuwemo. Orodha niliiangalia baada ya mambo kuharibika, nayo ingenichukua dakika mbili kuiangalia kabla.

Walimpigia na Bibi. Yeye aliwasikiliza mpaka mwisho, akauliza ni pesa ngapi, akaambiwa, akasema: "Basi ndoo nyumbani, mwanangu. Kahawa iko. Pesa zako nakupa mkononi, na wewe unipe mkono." Yule mtu akakata.

Nililipa usiku ule ule. Lakini kilichonikaa ni kitu kingine. Katika programu zote 23, hiyo peke yake ndiyo iliyoelewa kwamba mimi siishi peke yangu. Nyingine zote zilinidhania kijana wa chumba kimoja na kikombe kimoja. Hii ilijua nina mjomba, nina msikiti, nina wateja, nina bibi, na ilijua thamani ya kila mmoja wao mbele ya uso wangu. Ilisoma mji wetu vizuri kuliko ramani ilivyousoma.

Ya tatu iliyobaki ni WhatsApp, ambayo nilikuwa nayo, lakini nilianza kuitumia upya kwa sababu ya Bibi. Baada ya balaa la ndoo aliacha kuandikiwa. Akahamia kwenye voisi. Voisi za Bibi zina dakika sita au saba. Dakika tatu za kwanza ni salamu: anamsalimu kila mtu kwa jina, anauliza goti la huyu, mtihani wa yule, kama mvua imefika Mpeketoni, kama paka amezaa. Wajukuu hawana subira. Tangu mwaka 2021 mtu anaweza kusikiliza ujumbe wa sauti kwa kasi mara mbili, na wote wanafanya hivyo, au wanaruka mpaka mwisho. Kwa njia hiyo watu wanne wa ukoo wetu walikosa tarehe ya nikaha ya dada yetu, kwa sababu Bibi aliitaja dakika ya nne, baada ya paka na kabla ya bei ya samli.

Yeye hakujua habari ya kasi mpaka siku moja binti yetu mdogo alipoicheza barazani. Sauti ikatoka kama ya cherehani. Bibi akageuka.

"Nani huyu anikimbizaye?"

Hakuna aliyejibu. Akaichukua simu, akaiweka sikioni, akajisikiliza akikimbia, akairudisha. Voisi iliyofuata ilikuwa ya dakika kumi na moja. Alianza na salamu, akaja polepole, akapumzika katikati, akanywa maji tukimsikia, na ndani yake akaweka jambo ambalo kila mtu alilitaka, yaani nani atapewa kile kitanda cha samadari. Hakusema limo dakika ya ngapi. Wajukuu wa Doha, wa Jeddah na wa Kisauni wakasikiliza yote, kwa kasi ya binadamu. Ilikuwa dakika ya kumi.

Ya nne si programu hasa. Wiki iliyopita kioo cha simu ya Bibi kilivunjika, nikamnunulia nyingine iliyotumika, ya kufunguka kwa kidole. Nikamketisha kwenye kiti cha wateja kama mteja, nikamweleza kwamba simu hii inakubali vidole vitano, na kwamba mtu wa kawaida huweka gumba la kulia, la kushoto na kadhalika, ili asipate taabu. Akaniuliza vyote vya mtu mmoja vya nini.

Chake cha kwanza kiligoma mara tatu, mara ya nne kikaingia. Kisha akamwita binti mdogo, akaweka chake. Mama akaja na unga mkononi, akajifuta, akaweka chake. Jirani wa mlango wa pili, ambaye ndiye anayekaa naye mchana, akabishabisha kwanza, akaweka chake. Nikasema mimi fundi siweki vidole kwenye simu za watu, hiyo ni miiko ya kazi, Bibi akasema hakuniomba.

"Kimebaki kimoja, Bibi. Nikifunge?"

"Kiwate," akasema. Kiache. Akanitajia mjukuu wake wa Doha, aliyeondoka miaka mitatu sasa. Likizo yake ni mwezi wa mfungo sita, in shaa Allah.